Nusu ya Dawa Uliyonitumia

Losaline Fifita,
Pukotala, Kisiwa cha Ha'ano,
Ha'apai, Tonga.
Jumanne, 6 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Kelepi,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. U hali gani, baba? Unalala vizuri? Baridi ya huko Robinvale, Australia, imeshaanza kuuma? Zile soksi nene mlizosema mtanunua, mmenunua, au bado mnavaa mbili mbili kama mwaka jana? Mimi sijambo kwa neema ya Mungu. Magoti yananung'unika asubuhi, kisha yanazoea. Mguu wangu, ule niliokanyagia kombe kwenye mwamba mwezi wa kwanza, umepona kabisa. Kuhusu mguu huo ninalo la kukuambia, ila ngoja kwanza nimalize kukusalimia.

Barua hii nimempa mkononi Semisi, mwenzako wa nyumba na wa shamba la zabibu, anayerudi huko. Nimemwapisha akupe ukiwa peke yako. Kama umeifungua mezani mbele ya wenzio, ikunje, nenda kakae nje, ndipo uisome. Nitakungoja.

Juzi ilikuwa Jumapili ya Watoto. Kanisa lilikuwa jeupe tupu kwa nguo za watoto. Binti yake Semisi, ambaye babake amevuka bahari nzima kuja kumsikiliza, alisema aya yake vizuri mpaka katikati, akakwama. Alitazama dari, kisha akamwambia Mchungaji, "Ngoja, inakuja." Watu walicheka hadi wazee wakafuta machozi, na kweli ikaja. Nilimpongeza. Lakini nikawakumbusha pia kwamba wewe, ukiwa na miaka sita, ulisema aya kumi na moja bila kumeza mate, na mpaka leo Pukotala haijapata mtoto wa kufikisha tisa. Jirani yetu Toakase akaniambia, "Losaline, aya hizo zina miaka ishirini sasa. Zipumzishe." Nikamjibu zitapumzika siku mtu atakapozishinda.

Mbele za watu ninasema hivyo. Nikufiche nini wewe? Mwaka huu tena sikuwa na mtoto wa kumshonea nguo nyeupe. Nilikaa kwenye benchi letu, nikaweka mkoba wangu pale ulipokuwa ukikaa wewe, ili pasionekane wazi. Baada ya ibada kila nyumba iliandaa chakula cha watoto wake. Mimi nilialikwa kwa Toakase, nikala majani ya majimbi na nyama ya kopo kwenye tui, nikasema nimeshiba, nikarudi nyumbani mapema.

Unakumbuka zamani ulivyokuwa unarudi kutoka kwenye karamu ya watoto? Ulitia mkono mfukoni, unatoa kipande cha keki, kimeshikamana na nyuzi za mfuko, unaniambia, "Mama, nusu yako." Sikuwahi kukufundisha. Ulizaliwa nayo. Nimewasimulia watu hadithi hiyo mara nyingi mno, na nadhani ndipo nilipoanza kukosea. Nilikusifu kwa kugawa kila kitu mpaka ukadhani hakuna kitu duniani kisichogawiwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi Semisi alinifikishia mzigo wako. Sabuni nimepata, nyama ya kopo nimepata, kitambaa cha maua nimepata, ni kizuri na kila mtu amekishika. Ndani ya soksi nikakuta kichupa kina kapsuli ishirini na nne, na kikaratasi kwa mwandiko wako: Mama, hii ni nusu yako, ni kali kuliko ile ya kwanza.

Nikiri kwako, kwanza nilifurahi. Nilikishika kile kichupa nikasoma jina lako lilivyochapwa, Kelepi Fifita, herufi zimenyooka. Kisha nikamwuliza Semisi, dawa hii daktari amempa Kelepi kwa ajili ya nini? Akatazama kando. Akasema ulimwomba nisiambiwe. Nikamwambia, Semisi, mimi nilikuogesha ukiwa mtoto, usinitazamie ukuta. Ndipo akanieleza. Kwamba ugoko wako, pale mkasi wa zabibu ulipokukata mwezi wa pili, umevimba tena. Kwamba umekuwa mwekundu na wa moto, na una mstari unaopanda kuelekea gotini. Kwamba Jumatano moja ulitetemeka kwa homa juani, ukamwambia msimamizi ni malaria, na yule hajui kwamba Tonga hatuna malaria. Kwamba daktari amekupa dawa ya pili, ya siku kumi na mbili, na wewe siku ya sita ukaona uvimbe umepungua, ukaifunga iliyobaki kwenye soksi ya mama.

Kelepi, nilikaa chini palepale sakafuni.

Maana ninajua kwa nini umenitumia. Umenitumia kwa sababu mimi nilikuambia kwamba ile ya kwanza iliniponya. Na mimi nilisema uongo.

Sikiliza ilivyokuwa. Nilipojikata mguu mwezi wa kwanza, Nesi Vaimoana wa zahanati yetu alinisafisha akanipa vidonge vyake, vya siku saba, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu tumbo likanichafuka, nikawa nakimbilia chooni kila saa, mdomo una ladha ya sarafu. Nikataka kuacha. Yeye alikuwa anapita kila siku kama mtu anayedai, akaniambia kuharisha kidogo na kichefuchefu ni kawaida kwa antibiotiki, kwa sababu dawa haichagui, inaua vijidudu vibaya pamoja na vile vya tumboni vinavyotusaidia. Ninywe maji mengi, nile uji, niendelee. Akasema nisipoacha kuharisha, au nikiona damu, nimwite hata kama yuko kanisani. Nikaendelea nikinuna. Siku ya saba mguu ulikuwa mkavu. Aliyeniponya ni Vaimoana, na vidonge vya zahanati ya Ha'ano.

Boksi lako la kwanza lilikuja mwisho wa mwezi wa pili. Ndani mlikuwa na kichupa cha kapsuli kumi na mbili. Mguu wangu ulikuwa umepona wiki tatu nzima kabla yake! Lakini siku ile wanawake wa kikundi cha mikeka walikuja wote kutazama boksi. Unajua nyumba yetu ilivyo siku hizi. Nasuka peke yangu, majani ya mkadi nayakausha peke yangu, naongea na redio. Na siku ile walijaa mpaka barazani. Wakaniuliza kichupa kile ni nini, na mimi nikawanyooshea mguu nikasema, tazameni, dawa ya Australia hiyo, ya mwanangu, ona kovu lilivyofunga. Wakasema ah. Nikaona wamesema ah, nikaongeza.

Jumapili ulipopiga simu kwa Toakase, simu ikiwa imewekwa sauti ya kusikika na wote, nikarudia yale yale mbele yao. Nikakuambia, dawa yako imenifufua, Mungu akuzidishie. Nilikusikia ukifurahi. Ukasema, "Basi nikipata nyingine nitakukumbuka, Mama." Na mimi nikasema asante mwanangu. Asante! Mwanamke mzima.

Bado kuna la pili, nalo ni baya zaidi, na nimekuficha Jumapili saba.

Mwezi wa tatu Toakase alishikwa na mafua, koo linamkwaruza. Nesi alishamwambia ni mafua tu, anywe vitu vya moto, apumzike, yataisha. Mimi nikamwambia aachane na maji ya moto, ninayo dawa ya kweli. Nikampa kapsuli zako mbili kwa mpigo. Nilijiona daktari. Hata robo saa haikufika, akaanza kujikuna shingo. Mabaka yakamtoka, mekundu, makubwa kama majani. Midomo ikavimba. Kisha pumzi ikaanza kupiga mluzi, na Toakase, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akawa hawezi kusema. Alinishika mkono akinitazama tu.

Nilikimbia, Kelepi. Kwa magoti haya. Vaimoana alikuja na sindano akamchoma pajani, akakaa naye akimsikiliza kifua mpaka pumzi ikarudi, kisha wakampeleka kwa boti hospitali ya Pangai akalazwa siku mbili. Alipopata sauti, neno la kwanza aliloniambia ni hili, "Losaline, umenitengenezea midomo ya samaki, sasa nitafutie na mume wa kuikubali." Nikacheka nikilia. Sasa kadi yake ya hospitali imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba penisilini na ukoo wake wote ni marufuku kwake mpaka afe.

Siku Toakase aliporudi, Nesi alikuja nyumbani akaniambia nimwonyeshe kila dawa niliyo nayo. Nikampa kichupa. Akasoma maandishi yake, akazihesabu zilizobaki. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza hii ni ya nani.

"Ya mwanangu," nikasema. "Mguu ulimuuma, amepona, akanikumbuka."

"Amepona kwa kutumia nini, Mama Losaline? Mbona dawa yake iko hapa?"



Alinieleza polepole, na mimi niliyeishia darasa la sita nilimwelewa, kwa hiyo wewe uliyemaliza sekondari ya Pangai na cheti chako kiko ukutani utaelewa vizuri zaidi. Alisema kichupa hicho cha kwanza kiliandikwa kapsuli ishirini na nne, za siku sita, nne kwa siku. Hakuna hata moja ya ziada iliyowekwa kwa ajili ya mama. Ukimeza za siku tatu, vijidudu dhaifu vinakufa, maumivu yanapungua, wewe unadhani umepona. Vile vigumu vinabaki, na mguu unaweza kurudi kuwa mbaya kuliko mwanzo. Na dawa ikizoeleka na vijidudu hivyo, siku utakapoihitaji kweli haitakusaidia. Akazichukua zile kapsuli kumi kwenda kuziharibu. Nikamwomba kichupa. Akanitazama, nikamwambia kina jina lake. Akanirudishia kitupu.

Aliniambia nikuulize habari za mguu wako. Nikasema nitamwuliza. Jumapili ikaja, simu ikaja, watu wamekaa, na mimi nikakuuliza umekula nini. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Nilikuwa naona aibu. Ningekuulizaje bila kusema ya Toakase, na ningesemaje ya Toakase bila kusema kwamba sikuzimeza kamwe? Nilijiambia mtoto mwenyewe anasema mguu mzuri, na mwanangu hasemi uongo. Sasa naona ulichukua ya mama yako. Nawe una mdomo wa kujisifu, wa kusema mzima wakati huwezi kusimama.

Jana nilikwenda zahanati kabla haijafunguliwa. Nikampa Nesi kichupa cha pili na kikaratasi chako. Alikupigia palepale. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikasikia sauti yako ikisema, "Mguu? Umepona, Nesi, mwambie Mama asihangaike, ninacheza raga." Nikasikia na wenzio wakicheka nyuma. Unacheza raga, na Semisi ananiambia unapanda ngazi ya nyumba kwa makalio! Vaimoana alikata simu akaniambia, "Huyu hatasema kweli mbele za watu. Mwandikie."

Ndiyo maana nakuandikia. Sasa nisikilize, na usinibishie maana sipo.

Siku ile ile Semisi atakapokupa barua hii, atakupeleka kwa daktari. Ameniahidi, na mama yake alikuwepo akiahidi. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Vaimoana kwa Kiingereza, mpe daktari. Na wewe mwenyewe umwambie kwa mdomo wako kwamba mara ya kwanza ulimeza nusu, na mara ya pili ukameza nusu. Usione haya. Nesi anasema usipomwambia, atadhani dawa imeshindwa, akupe nyingine kali zaidi yenye madhara zaidi, kumbe haikushindwa, ilikuwa kwenye soksi ya mama. Hizi ishirini na nne sizirudishi. Zimesafiri kwenye begi na joto, na wewe umeshakatiza siku kadhaa. Daktari ndiye ataamua uanze upya, au ubadilishe, au ulazwe uchomwe sindano. Akisema ulazwe, lala.

Kama huo mstari mwekundu umepanda, au homa na kutetemeka vimerudi, usimngoje hata daktari wa asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vaimoana aliniambia sumu ya jeraha inaweza kuingia kwenye damu au kwenye mfupa. Nilimwuliza ikiingia inakuwaje. Akaanza kupanga vyombo vyake mezani. Nikaelewa.

Utakapopewa dawa, imeze kwa saa zake. Semisi anasema ile uliyopewa ni ya mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula, na wewe ulikuwa unazimeza zote nne jioni na viazi kwa sababu mchana uko shambani. Kelepi! Nani alikufundisha hivyo? Tia kengele kwenye simu. Meza mbele ya msimamizi, na maji ya kutosha. Ukisahau moja, imeze ukikumbuka, lakini kama saa ya nyingine imekaribia, iache iliyopita uendelee. Usimeze mbili kufidia.

Tumbo likichafuka, ni kama nilivyokueleza, vumilia na unywe maji. Lakini ukiona mabaka ya kuwasha, usijikune kimya kimya ukasema ni majani ya zabibu. Acha kumeza, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Uso ukivimba au pumzi ikibana, waite gari la wagonjwa, mimi nimeyaona kwa macho yangu na sitaki uyaone wewe. Macho yakigeuka manjano, au mkojo ukawa mweusi kama chai, rudi kwa daktari, hata kama ulishamaliza dawa wiki kadhaa zilizopita, maana Nesi anasema mara chache dawa hiyo huliudhi ini, tena kwa kuchelewa. Na kwa sababu hiyo hiyo, kava ya Ijumaa, hicho kinywaji chenu cha mizizi, uiache kwa sasa. Najua kwamba mduara wa wanywaji bila wewe hauna mwimbaji. Wataimba vibaya, hawatakufa. Mwambie daktari pia kwamba huwa unakunywa, asije akashangaa.

Na usimpe mtu dawa yako, hata Semisi akiumwa jino, hata akikuita ndugu. Mimi nimejifunza kwa shingo ya Toakase.

Najua unachoogopa. Semisi amenieleza kwamba mmoja wenu alivunjika mkono mwaka jana akarudishwa nyumbani, na mkataba wake haukufanywa upya. Nawe unajua mama yako amekijaza kisiwa kizima habari kwamba Kelepi wangu ndiye anayeongoza kwa masanduku ya zabibu, kwamba msimamizi anamwita kwa jina, kwamba hajakosa kazi hata siku moja. Nimeyasema kanisani, nimeyasema dukani, nimemwambia hata yule mgeni aliyekuja kupima barabara. Pengine ulikuwa unatetemeka kwa homa huku unakata zabibu ili maneno yangu yasiwe ya uongo.

Basi nayafuta. Jana kwenye kusuka mikeka niliwaambia wote, kwa sauti ile ile niliyojisifia. Nikasema mguu wangu uliponywa na Vaimoana, dawa ya mwanangu sikuimeza, na mwanangu sasa ni mgonjwa kwa sababu yangu. Zile nyuzi za mkadi zikaacha kulia mikononi mwao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha Toakase akasema, "Haya, angalau leo hatukusikia habari za aya kumi na moja," na wakaendelea kusuka. Tangu asubuhi wanapita mmoja mmoja kuuliza umepata nafuu. Sikuwa na boksi la kuwaonyesha, na bado wamekuja.

Kwa hiyo ukirudishwa, rudi. Nitakusubiri gatini Pangai, na nitakuonyesha kwa watu kwa majivuno yale yale, ukiwa na magongo au bila magongo. Sitaki sanduku la zabibu. Nataka uwe na miguu miwili, na mwili wako wote ukiwa juu yake.

Habari nyingine ni ndogo. Mshelisheli wa nyuma umezaa sana mwaka huu na hakuna wa kula, nagawa kwa majirani. Nguruwe mwenye doa ana watoto saba. Paa linavuja juu ya kitanda chako tu, kwingine pazuri, nimekisogeza. Jioni nikimaliza kazi huwa nakaa hapo kitandani kwako dakika chache, basi, sifanyi kitu. Mkeka ninaosuka sasa ni wako, wa kufunga kiunoni siku utakapooa, na usiniulize utamwoa nani, hilo ni lako. Ni mwembamba hata unaweza kuupitisha kwenye pete. Hakuna mkono mwingine Ha'apai unaosuka hivyo siku hizi, na hilo si kujisifu, ulizia.

Toakase anakusalimu na amekusamehe, anasema aliyekosa ni mama yako. Nesi Vaimoana anakusalimu, na anasema hajasahau ile raga. Mchungaji anakuombea kila asubuhi kwa jina, sasa na kwa ugonjwa. Binti yake Semisi anasema akikua atasema aya kumi na mbili. Nimemwambia ajaribu. Wasalimie wenzako wote wa nyumba, waambie mama yenu mmoja amewaomba wakuchunge, na wasikucheke ukiwa unalia, maana sindano zinauma.

Mungu aliyekulinda ukivuka bahari aulinde mguu wako, aiongoze mikono ya daktari huyo nisiyemjua, na anipe kusikia sauti yako Jumapili, ukweli mtupu, hata kama ni mbaya. Nitamwomba Toakase aizime ile sauti ya wote, nitaweka simu sikioni.

Tangu uwe mdogo hukuwahi kula kitu bila kunifikiria, na nimekula nusu zako zote, mwanangu, kwa furaha. Hii nakuomba uile peke yako. Imeze yote kama daktari atakavyosema, mpaka kichupa kiwe kitupu, na usinibakizie hata moja.

Ni mimi mama yako akupendaye, aliye peke yake lakini hajambo,

Losaline